Nilivyootesha popi ya pembe kwenye kokoto

Ukipita ufukwe wa Dungeness, huku Kent, Uingereza, ninakoishi, kiangazi utaikuta popi ya pembe (Glaucium flavum) imechanua juu ya kokoto tupu. Ua lake ni la manjano, petali nne nyepesi, na upepo wa bahari unalipiga kutwa. Niliitaka nyumbani. Kuing'oa ufukweni haikuwezekana: sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na hata ukiruhusiwa, mzizi wake mkuu huzama chini sana na haupendi kuguswa. Nikanunua pakiti ya mbegu.

Kazi kubwa ilikuwa kuandaa mahali. Udongo wangu ni mfinyanzi mzito, unatuamisha maji majira yote ya baridi, na popi hii baridi inaivumilia, ila maji yakisimama mizizini inaoza. Nilichagua kona yenye jua la kutosha, nikachimba kwenda chini, nikarudisha nusu tu ya udongo, nikiuchanganya na changarawe na mchanga wa punje kubwa. Juu nikamwaga kokoto. Mboji sikutia hata kiganja. Mama, ambaye mchicha wake wa Tanga unaishi kwa samadi, alipigwa na butwaa kwenye simu: “Hata samadi kidogo, mwanangu?” Hata kidogo, mama. Ukiirutubisha inajaa majani, inalegea na kulala chini.

Septemba nikazisia mbegu palepale zitakapokulia, nikazifunika kwa mchanga kiduchu. Baridi huziamsha, ndiyo maana sikungoja hadi machipuko. Chache ziliota kabla ya baridi kali, nyingine zikafuata joto liliporudi. Zilizosongamana nikazipunguza bila huruma. Koa niliwaokota usiku kwa tochi.

Mwaka wa kwanza usitarajie maua mengi. Unapata fungu la majani yaliyotandaa chini, rangi ya kijivu chenye ubuluu, yamekunjamana, yana vinyweleo vinavyoshika matone ya mvua. Mimi nayapenda kuliko hata maua. Maua yalikuja mwaka wa pili, kuanzia Juni, kila ua likidumu siku moja au mbili, lingine likishika zamu.

Vaa glavu unapokata: shina hutoa utomvu wa rangi ya machungwa, na mmea mzima ni sumu, kwa hiyo watoto wasiuchezee.

Pembe zenyewe ni maganda ya mbegu, membamba, yaliyopinda, mengine yanafika sentimita 30. Likikauka ganda hupasuka kwa urefu, na ndani mbegu nyeusi zimejipachika kwenye kitu laini kama sponji, kila moja na kishimo chake. Baadhi nazikusanya kwenye bahasha ya karatasi. Zilizobaki naziacha zidondoke kwenye kokoto, maana mmea wenyewe hauishi miaka mingi, na miche inayojiotea huwa imara kuliko niliyoisia mimi.