Kutoka Mbeya hadi Thulusdhoo

Mbeya sasa ina baridi ya kukunja vidole, na sisi watatu, tuliojifunza kuteleza juu ya mawimbi kwenye miamba ya mashariki mwa Unguja kabla ya kazi kutuleta huku mlimani, tumekubaliana kwamba Agosti tutakwenda Thulusdhoo, kisiwa cha Maldivi.

Wenzangu walitaka tuanze na tiketi ya bei nafuu, lakini nimeshikilia kwamba tuanze na maji. Unguja, wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4, hivyo mwamba uliofunikwa vizuri maji yakijaa huwa umeanika matumbawe yake yakipwa. Maldivi tofauti hiyo ni kama mita 1 tu. Mtu anaweza kuingia karibu wakati wowote, ila mwamba nao huwa karibu na miguu yake kutwa nzima.

La pili ni nafasi kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi tunayoyafuata huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 8 huanza kugusa sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 50 hivi. La sekunde 16 huigusa kwenye mita 200. Visiwa vile vimepanda ghafla kutoka kilindini, kwa hiyo wimbi hilo halipati mahali pa kuchoka kabla ya kuupiga mwamba, na ndiyo sababu nimesisitiza kila mmoja abebe mbao mbili za kutelezea, moja isije ikavunjika.

Cokes, wimbi la Thulusdhoo, huvunjikia kulia. Chickens, wimbi jingine ng'ambo ya mlango wa bahari, huvunjikia kushoto. Siku ya kwanza tutakaa mlangoni penye kina, tuyasome mawimbi na kuwapisha wenyeji.

Sanduku la dawa nimelifunga mwenyewe. Mwaka juzi mwamba ulinichana kisigino, nikaridhika kukiosha kwa maji ya bahari. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimesharudi Mbeya, kidonda kilitoa punje nyeupe ya tumbawe, ndogo kama chenga ya mchele. Safari hii ni maji safi, sabuni na burashi laini papo hapo, hata kama mwenye jeraha analia.

Tiketi tutakata wiki ijayo. Jumamosi tunashuka Matema kuogelea Ziwa Nyasa, kwa kuwa mabega yaliyokaa mlimani miezi minane hayajawa tayari.