Benzi Iliyogoma Kuzimika: Nilivyoirudisha 300 D Barabarani

Siku niliyolileta gari nyumbani niliegesha, nikageuza ufunguo, nikauchomoa na kushuka. Injini ikaendelea kunguruma. Nikarudi ndani, nikaingiza ufunguo upya, nikageuza mbele na nyuma. Wapi! Nililizunguka gari mara mbili kabla ya kukumbuka neno la mzee aliyeniuzia: "Ikigoma kuzimika, mwanangu, fungua boneti, utaona mahali pameandikwa STOP. Bonyeza hapo." Nikafungua, nikabonyeza, ikanyamaza.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 300 D, lile umbo ambalo kiwandani liliitwa W123. Umbo hilo lilitoka Januari 1976, na mpaka linaachwa katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yametengenezwa magari karibu milioni 2.7. Langu lina injini ya dizeli ya silinda 5, cc 3,005, nguvu za farasi 80. Kwa gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,400 hizo si nguvu nyingi, na anayetaka mbio atafute kitu kingine. Lakini injini hiyo ina ukoo. Kampuni hii ndiyo iliyoonyesha 260 D kule Berlin mwaka 1936 na kuanza kuuza magari madogo ya dizeli kwa wateja wa kawaida, na ndiyo iliyoweka injini ya dizeli ya silinda 5 katika gari dogo kwa mara ya kwanza mwaka 1974.

Watu huniuliza kwa nini nilijitwisha gari kuukuu la kifahari. Kiswahili chenyewe kina neno wabenzi, watu wakubwa wanaoshuka milango ikifunguliwa na wengine, na mimi si mmoja wao. Kilichonivuta ni teksi. Mwendeshaji teksi wa Kigiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha 240 D ya mwaka 1976, kaka mkubwa wa gari langu, kwa kilomita milioni 4.6, na leo gari hilo limo katika makumbusho ya kampuni mjini Stuttgart, jengo moja na magari ya wafalme. Kwangu fahari ya Benzi iko hapo: gari lililofanya kazi siku nenda siku rudi, likatunzwa, likafanya tena.

Langu lilikuwa limekaa bandani miaka sita. Mzee aliacha kuendesha macho yalipopungua, na hakutaka kuliuza kwa mtu wa kulikata spea. Siku ya makabidhiano aligeuza ufunguo kwenye mlango wa dereva, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa. "Zamani ukifunga huu, mingine yote ilikuwa inajibu," alisema. Sikumwelewa.

Nilimwelewa baada ya wiki tatu, nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni.

Injini ya petroli huizima kwa kukata umeme wa plagi. Dizeli haina cheche ya kukata. Inawaka kwa joto la mgandamizo, na maadamu inapata mafuta itazunguka tu. Kwa hiyo kuizima ni lazima ukate mafuta. Wahandisi wa gari hili waliifanya kazi hiyo kwa ombwe, au vakyumu kama mafundi wanavyosema. Injini inaendesha pampu inayonyonya hewa kutoka kwenye vijibomba vyembamba vilivyotandazwa gari zima. Ukigeuza ufunguo kuzima, ombwe linafika kwenye kidude cha mpira kilichoshikamana na pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, nacho kinavuta kiwiko na kufunga mafuta. Ombwe hilohilo ndilo linalolainisha breki, na ndilo linalofunga milango, buti na kifuniko cha tangi. Hakuna mota hata moja milangoni.

Basi mlango uliokataa kujibu na injini iliyokataa kuzimika ulikuwa ugonjwa mmoja. Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuona hivyo. Alitaka kubadilisha pampu nzima ya nozeli, na nilikaribia kukubali. Nilichukua siku mbili za kufikiri, na nashukuru kwamba nilizichukua, kwa sababu ndizo siku nilizokaa na kitabu cha matengenezo nikifuata mchoro wa vijibomba kwa kidole.

Nilinunua pampu ndogo ya mkono yenye geji. Kazi ni rahisi ila inataka subira: unachomoa kijibomba kwenye kiungo chake, unachomeka pampu, unavuta, unatazama sindano. Ikitulia, upande ule ni mzima. Ikirudi, kuna tundu. Niliziba tawi moja baada ya jingine kwa vijiti vya mbao nilivyochonga mwenyewe. Jioni ya kwanza niligundua kwamba pampu kuu ni nzima. Ya pili, kwamba kile kidude cha kuzimia injini ni kizima. Ya tatu nikafika mlango wa nyuma wa kulia, nikavuta, na sindano ikaanguka papo hapo. Nilipotoa paneli ya mlango, ule mpira ndani ya kifungio ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Miaka zaidi ya arobaini, nani angeulaumu? Mpira mmoja usiojaza kiganja, kumbe ndio uliokuwa unameza ombwe la gari zima. Nilibadilisha ule, kisha nikabadilisha na viungo vyote vya mpira nilivyoweza kuvifikia, maana vya umri mmoja hufa pamoja. Nikageuza ufunguo. Injini ikazimika kwa mtikisiko mmoja mdogo.

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda kweli. Gari hili linamtaka mwenyewe ajue kipi kimeshikana na kipi, kuliko linavyotaka fedha zake.

Shida ya pili ilikuwa mafuta. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, kwenye mlima likawa linaishiwa pumzi kama mgonjwa. Dizeli iliyokaa tangini miaka sita haibaki dizeli tu. Huzaa tope jeusi. Kabla ya filta kubwa kuna kifilta kidogo cha plastiki angavu, nacho kilikuwa cheusi tititi. Nilikibadilisha, baada ya siku nne kikawa cheusi tena. Nikakubali yaishe: nikamwaga tangi lote, nikafungua chujio la wavu lililo chini yake, nikaliosha mpaka nikaona mwanga kupitia matundu. Kisha filta mbili mpya, na kutoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu ya nozeli, unasukuma mpaka mkono unauma.

Nikiwa katika uchafu huo nilikuwa nasoma, usiku, habari za Bertha Benz, na sijawahi kusoma historia iliyonikaa mikononi kiasi kile. Mumewe, Karl Benz, aliomba hati ya hataza ya gari la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, hati iliyopewa namba 37435. Chombo kilikuwepo, wateja hawakuwepo. Agosti 1888 Bertha aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaondoka Mannheim bila kumwambia mumewe, wakaelekea Pforzheim kwa mama yake Bertha, safari ya zaidi ya kilomita 100 katika njia za mikokoteni. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, kimiminika cha kusafishia kinachowaka kama petroli, kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ulipochubuka aliukinga kwa mkanda wa soksi yake. Breki za mbao zilipoisha alimfanya fundi viatu azipigilie ngozi. Historia nyingi humtaja kwa ujasiri wa safari. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba alikijua chombo: alijua wapi panaziba na kwa nini. Mtu wa kwanza kusafiri mbali kwa gari alikuwa pia fundi wake.

Tapeti nitazieleza kidogo tu. Injini hii ina vali 10, yaani vijilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, na nafasi zake hurekebishwa kwa mkono: 0.10 mm upande wa hewa kuingia na 0.30 mm upande wa moshi, injini ikiwa baridi. Unaizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele, siku zote kuelekea inakozunguka yenyewe, kamwe usirudishe nyuma, usije ukaisumbua taimingi cheni. Zangu mbili za moshi zilikuwa zimebana hata fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, haipiti. Hizo ndizo zilizokuwa zinalifanya gari ligome kuwaka asubuhi, wakati nilikuwa nimeshanunua hita plagi tano mpya, zile za kupasha injini joto kabla ya kuwaka, nikidhani dawa iko huko. Sasa kazi hiyo naifanya mwenyewe, na inanichukua saa moja na nusu. Boneti ya W123 inasimama wima kabisa ukitaka, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo ni jambo la kumshukuru aliyelifikiria.

Kutu ndiyo kazi pekee niliyompa mtu mwingine yote. Ilikuwa imekula sehemu za kuwekea jeki na chini ya zulia la dereva. Rafiki mmoja alinishauri nizibe kwa bati na rangi nyeusi. Nilikataa, na sababu yake inaitwa Béla Barényi. Mhandisi huyu wa kampuni ndiye aliyewaza kwamba mbele na nyuma ya gari pakunjike katika ajali na chumba cha abiria kibaki kigumu; wazo hilo lilianza kutumika katika magari ya kuuzwa mwaka 1959. Vyuma vya chini ya milango ni sehemu ya kile chumba kigumu. Ukiviziba kwa bati la kubandika umebakiwa na umbo la Mercedes, usalama wake umeutupa. Mchomeleaji alikata vyuma vyote vilivyooza na kuunga vipya, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote nilizolipa kwa gari hili. Ningelipa tena.

Jina nalo nililifikia kupitia rejeta. Nilikuwa naitoa kuisafisha, nikasoma kwamba rejeta ya vijitundu kama sega la nyuki ilitoka mikononi mwa mhandisi Wilhelm Maybach, katika gari la nguvu za farasi 35 alilolitengenezea Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeishi Nice. Gari lilikabidhiwa Desemba 1900, na Jellinek alilipatia jina la binti yake, Mercédès. Gottlieb Daimler, mwanzilishi wa kampuni iliyolitengeneza gari hilo, alikuwa ameshafariki Machi mwaka huohuo. Nyota yenye ncha tatu, ya nchi kavu, majini na angani, ilisajiliwa 1909, na kampuni ya Daimler ikaungana na ile ya Benz tarehe 28 Juni 1926. Kwa hiyo Daimler mwenyewe hakuwahi kuliona gari lenye jina ambalo dunia nzima inalijua. Nafikiri sana juu ya hilo kila nikiipangusa ile nyota ya juu ya boneti.

Na kuna ukurasa mwingine ambao mwenye gari hili hapaswi kuuruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Daimler-Benz viliendeshwa kwa jasho la maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Siwezi kusifu ustadi wa wahandisi nikawaacha watu hao. Mwanangu akiniuliza habari za nyota, namweleza yote.

Ilipofika mwaka wa pili nilimfuata mzee. Nilimfungulia mlango wa abiria, lakini akazunguka, akashika mkono wa mlango wa dereva, akaniomba ufunguo. Hakutaka kuendesha. Alitaka nifunge milango mingine yote kwanza, nizime injini, nisimame mbali.

Akageuza ufunguo. Kulikuwa na kimya cha nusu sekunde, halafu vifungio vikashuka kimoja baada ya kingine, vikiwa na ile sauti laini ya pumzi, mpaka buti. Alifungua, akafunga tena. Mara tatu.

Kisha akaingia, upande wa abiria sasa, akaviringisha kiganja juu ya dashibodi mpaka kidole kikasimama kwenye geji ya mwisho.

"Na saa je?"

"Saa bado, mzee. Naitafutia nafasi."