Figo mpya, ARV, na saa ya kutoa damu

Aliyepandikizwa figo huku anaishi na VVU, kwetu Nyanda za Juu Kusini, ana kliniki mbili: CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) ya jirani, na kliniki ya figo Muhimbili au Benjamin Mkapa, Dodoma. Hatari ipo hapo katikati. Dawa inabadilishwa huku, kule hawana habari.

Takrolimasi, dawa kuu ya kuzuia mwili usiikatae figo, huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya CYP3A4. Ritonaviri, iliyomo kwenye ATV/r (ARV ya atazanaviri na ritonaviri), hukizuia kimeng'enya hicho. Aliyekuwa akimeza takrolimasi miligramu 2 asubuhi na 2 jioni anaweza kutosheka na nusu miligramu kwa wiki nzima. Asipopunguziwa mapema, mikono itatetemeka hadi chai imwagike, sukari na potasiamu zitapanda, na figo yenyewe itaumia. Efavirenzi, ambayo ni ARV, na zaidi rifampisini ya TB, hufanya kinyume: kiwango cha takrolimasi hushuka, figo ikaanza kukataliwa bila maumivu yoyote. Miili ya wenye VVU hukataa figo mara nyingi kuliko ya wengine, hivyo kumpunguzia mtu dawa za kuzuia ukataaji eti kinga yake tayari ni dhaifu ni kosa kubwa.

Dolutegraviri, ARV nyingine, haiingiliani na takrolimasi, ndiyo maana tunaipenda. Hupandisha kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kidogo wiki 4 za kwanza, kisha hutulia. Ikizidi kupanda, tafuteni sababu nyingine. Tenofoviri iliyomo kwenye TLD (kidonge kimoja cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) inaweza kuumiza figo, kwa hiyo ulizeni kuhusu abakaviri, ARV ya kuiweka badala yake.

Damu ya kupima kiwango cha takrolimasi hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ulimeza saa 3 usiku? Damu itoke saa 3 asubuhi, na dozi ya asubuhi ikae mfukoni hadi utoke maabara. Ukishuka stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, kutoka Mbeya, ukameza kidonge na uji, halafu ukaenda kupima, majibu yatasoma juu kuliko hali halisi. Daktari atapunguza dozi, na figo ndiyo itakayoumia. Andikisha saa uliyomeza kwenye fomu.

Parachichi za Rungwe haziingiliani na dawa, ila zina potasiamu nyingi, na takrolimasi pamoja na Septrini huipandisha pia, pimeni potasiamu kwanza. Balungi liacheni kabisa, kwani hupandisha takrolimasi.

CTC wakikubadilishia dawa, au ukianzishiwa za TB, piga simu kliniki ya figo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na uombe kiwango cha takrolimasi kipimwe ndani ya wiki hiyohiyo. Dawa inayoachwa ni vilevile: ritonaviri ikisimamishwa, dozi ndogo uliyoizoea haitakutosha tena.