Picha ya tamasha inaanzia kwa mtendaji wa kijiji

Kila ukikaribia mwezi wa sita naanza kupata meseji za vijana wanaotaka kwenda kupiga picha Bulabo, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, nitumie lenzi gani. Lenzi ntaigusia huko chini, ila kwanza niseme ninachokiamini baada ya kuzunguka sana na hii kazi ya picha za habari: ukifika kwenye tamasha siku ya tamasha umeshachelewa. Picha utapata, tena nzuri tu zenye rangi na vumbi na watu wako hewani, ila zitafanana na za kila aliyesimama pale pembeni ya uwanja, na we mwenyewe ukiulizwa huyu ni nani utajibu "mchezaji wa ngoma wa Kisukuma". Ana jina huyo. Ana watoto, ana shamba la mpunga, pengine nauli ya kuja kucheza kaikopa.

Kwa asiyeijua Bulabo, ni sherehe ya ngoma za Wasukuma inayofanyika Bujora, pale Kisesa, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Inaendana na sikukuu ya Ekaristi, na aliyeijenga Bujora ni padre David Clement kutoka Kanada ambaye miaka ile ya 1950 aliona ngoma na ibada vinaweza kukaa pamoja, ndo maana mpaka leo pale kuna kanisa na makumbusho ya Wasukuma kwenye eneo moja. Wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, ushindani ulioanza karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali kuliko mwenzake. Na mshindi anapatikanaje? Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanapiga kura kwa miguu, wakiona kule kumenoga wanakimbilia kule. Kwa hiyo ukijichimbia sehemu moja unalenga tu chatu aliyezungushwa shingoni kwa mchezaji unaikosa picha yenyewe, maana Bulabo yote iko kwenye ule umati unapohama, mama kambeba mtoto mgongoni anakimbia, mzee anakimbia na baiskeli mkononi, na huku nyuma kikundi kilichokimbiwa kinazidisha ngoma kuwarudisha watu. Hizo sura za waliokimbiwa ndo mi nazitafuta.

Lakini sura hizo huwezi kuzielewa kama jana yake hukuwepo. Vikundi vinafika mapema kwa malori na baiskeli, vinalala pale jirani, na usiku ule na asubuhi yake ndo kazi inafanyika. Mwaka mmoja nilikaa na kikundi cha Bayeye, wale wanaocheza na nyoka, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mzee wao alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la mbao lenye matundu, anafungua kifuniko taratibu, anachota maji kwenye ndoo kwa kopo la plastiki na kummwagia chatu mgongoni, kidogokidogo, huku anaongea naye Kisukuma kama mtu anayemwamsha mtoto wa kwenda shule. Pembeni kijana anafunga njuga miguuni kwa vipande vya mpira wa baiskeli, anavuta kwa meno, anagonga mguu chini kusikiliza, hajaridhika, anafungua tena. Kamera ilikuwa begani na niliiacha begani muda mrefu tu. Nilishasema mwangaluka, yaani salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nilishakaa, mzee akaniuliza we mtoto wa nani, nikamweleza kwetu ni wapi na baba anaitwa nani, tukatafuta kama kuna mtu tunayemjua wote wawili na tukampata, mwalimu mmoja mstaafu. Baada ya hapo akasema yeye mwenyewe, sasa si upige. Ile picha ya kopo la maji na mgongo wa chatu naipenda kuliko zote nilizowahi kupiga mchana uwanjani.

Sasa kichwa cha habari nilichoandika hapo juu. Kijiji chochote ninachoingia, kabla sijatoa kamera kwenye begi, napita ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti wa kijiji, nasaini kitabu cha wageni, natoa kitambulisho, naeleza nimetumwa na nani na picha zinaenda wapi. Zanzibar naenda kwa sheha, Kenya kwa chifu. Wapo wenzangu wanaona ni kupoteza muda, tena mwanga wa asubuhi unaondoka hivihivi, na kweli unaondoka. Ila ukishapita pale kijiji kizima kinajua we ni nani, na mama ukimkuta anatwanga hashtuki, na anakuwa na mahali pa kwenda kulalamika kama umefanya jambo baya, hilo nadhani ndo la muhimu zaidi maana mtu wa kijijini anayepigwa picha na mgeni mara nyingi hana hata namba ya kumpigia.

Loiyangalani ndo kulikonifundisha hili zaidi. Ni mbali jamani, kaskazini mwa Kenya, pwani ya mashariki ya Ziwa Turkana, na toka 2008 kuna tamasha pale linalokutanisha jamii za Marsabit kama Waturkana, Wasamburu, Warendile, Wagabra, Waborana, Wadasanachi na Waelmolo. Unaweza kupita Maralal na South Horr au ukaingilia Laisamis kwa ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, zaidi ya kilomita 200, halafu unaikuta mitambo yenyewe 365 imesimama jangwani inazunguka. Haikuwekwa pale kwa bahati, upepo wa kule haupumziki, usiku unapiga mahema mpaka unafikiri yanang'oka. Kwa mpiga picha huo upepo ni mtihani, mchanga unaingia kila mahali, lenzi haibadilishwi nje hata kidogo, naingia kwenye gari napandisha vioo vyote ndo nabadilisha, na kamera nyingine nimeifunga mfuko wa plastiki na rababendi.

Kwenye tamasha lenyewe wapiga picha ni wengi, na kila jamii inapoingia uwanjani imevaa vizuri lenzi zote zinageukia huko. Mi nilikuwa nawafikiria Waelmolo, ambao ni wachache sana, lugha yao ya asili imepotea na sasa wanaongea Kisamburu. Kijiji chao cha Komote kilikuwa kimeunganika na nchi kavu, maji ya ziwa yakapanda miaka hii ya karibuni kikawa kisiwa, watoto wanavuka kwa mtumbwi kwenda shule. Uwanjani wanaonekana dakika chache tu na shanga zao, watu wanapiga makofi, wanatoka. Nikaomba kwenda nao nyumbani. Mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa Kiswahili cha kule, "Wewe unaongea kama redio, umetoka wapi?" nikamwambia Tanzania, akacheka, halafu akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Na hizo picha zingine zote wamepiga hapa, zinakuwanga wapi?" Alikuwa amepigwa picha tangu akiwa msichana. Hakuwa na hata moja.

Hapo ndo naona nafasi yetu sisi wapiga picha wa hukuhuku. Anayetoka Ulaya na kamera ya mamilioni anafanya kazi nzuri, simbezi, lakini kurudi kwake ni tiketi ya ndege. Sisi kurudi ni basi na bodaboda. Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam na Camerapix, kampuni yake ya picha, aliianzisha hapohapo Dar, na picha za njaa ya Ethiopia kutoka Korem mwaka 1984 zilizoitikisa dunia ni yeye aliyezipiga. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akapoteza mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia, akafanya kazi mpaka alipofariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Mtu wa kwetu kabisa. Vijana wengi wanaonitafuta hawajawahi kumsikia na inaniuma, tungekuwa tunamfundisha darasani.

Kuhusu wahariri. Kuna mhariri aliwahi kuniambia picha ni nzuri ila huyu mchezaji ana saa mkononi, inaharibu uasili, huna nyingine? Ninayo ile yenye saa. Mtu akija uwanjani na njuga miguuni na simu kiunoni ndivyo alivyo mwaka huu, na mi kazi yangu ni habari. Siwezi kumwambia avue saa, avue raba, atoe fulana ya timu, ili msomaji wa mjini aone kijiji anachokitaka yeye. Nikifanya hivyo nimeshadanganya, hata kama sijagusa kompyuta. Na hao wachezaji wa Bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, wanaorusha majembe juu na kuyadaka, nusu yao wanarekodiana wenyewe kwa simu na kutumiana kwenye magrupu, wanajua kabisa picha ni nini.

Hela nayo ni swali gumu. Mahali palipozoea watalii ukiinua kamera tu unasikia "lipa kwanza", na siwalaumu, wameona picha zao zinauzwa kwenye postikadi. Msimamo wangu ni kwamba sinunui picha ya habari, maana ukilipa mtu anaanza kukufanyia anachofikiri unakitaka. Ila mkalimani namlipa vizuri, aliyenilaza namlipa, chakula nanunua palepale kijijini, shanga nanunua bila kuombea punguzo. Nikija kama mwandishi naeleza hivyo mapema, na asiyetaka hapigwi. Nimeacha picha nyingi sana kwa sababu hiyo na sijutii hata moja.

Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa mambo ni tofauti kidogo, kule mgeni anatakiwa. Ni Julai, mwaka mpya wa kalenda ya Kishirazi, na wenyeji hawapendi nyumba ikose mgeni siku ile, kwa hiyo kula utakula mpaka uchoke. Wanaume wa pande mbili wanapigana na vijiti vya migomba kumaliza hasira za mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto huku mzee yuko ndani anachomoka, wanawake wanazunguka wamependeza wanaimba. Wapiga picha wote wanapangana kwenye moto. Mi nashauri wageukie kina mama, nyimbo zile zina mafumbo na vijembe, na sura zao wanapoimba zinasema habari yote ya mwaka wa kijiji kile, ila uwe na mtu wa kukuelezea maneno maana bila hivyo kapsheni yako itakuwa tupu.

Haya lenzi. Moja pana, ya milimita 35 inatosha, itakulazimisha usogee na usalimie. Moja ndefu ya 70-200 kwa ajili ya uwanjani. Majembe yakiwa hewani spidi ya kamera usiishushe chini ya 1/500 ya sekunde. Mchana kweupe kwenye mchanga au nguo nyeupe kamera ukiiachia ijiamulie itazifanya sura zetu ziwe nyeusi tii hazina macho, kwa hiyo pima mwanga usoni kwa mtu, mbingu ikiungua ikawa nyeupe tupu iungue. Memori kadi mbili, pawabenki ya kutosha, na usikae mbali na kibanda cha kuchaji simu chenye sola maana usiku ndo ofisi yako. Kutuma picha unatafuta mlima wenye mtandao, unapunguza saizi, unatuma chache zenye kapsheni kamili: jina lake kama anavyoliandika mwenyewe, kijiji, tarehe, anafanya nini. Jina namwomba aandike kwa mkono wake kwenye daftari langu au amwambie mwanae aandike.

Hilo daftari lina kazi nyingine. Mwaka jana nilipigiwa simu na namba nisiyoijua, kijana analia, baba yake amefariki, alikuwa mcheza ngoma, na nyumbani hawana picha yake zaidi ya ile ya kitambulisho cha taifa iliyofifia, akakumbuka kuna mtu wa magazeti aliwahi kumpiga na akaacha namba. Nikaitafuta usiku uleule. Anacheka, vumbi mpaka kwenye nyusi, jembe liko begani. Ikasafishwa mjini kubwa, ikapanda basi la alfajiri kwa kondakta, ikawahi mazishi.

Toka hapo picha za kurudisha nazipanga kama ninavyopanga za gazeti. Nikitoka safari, kabla sijapumzika vizuri, nachagua ya kila mtu aliye kwenye daftari, hata ambayo kisanaa sio kali ila yeye mwenyewe kapendeza, nazisafisha studio saizi ya postikadi, nyuma naandika jina, tarehe na namba yangu ya simu, kila kijiji bahasha yake. Za Kisukuma zinaondoka na mabasi ya Magu na Bariadi. Za Loiyangalani zilichukua muda, zilipita kwa dereva wa lori la samaki, na yule mama alinitumia ujumbe wa sauti mrefu wa Kisamburu, mwanae akautafsiri mwishoni: anasema zimefika, anasema ile ya tatu dada yake amefumba macho, uje uirudie.