Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Mchana Katika Baridi ya Julai

Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa katika kituo kidogo mashariki mwa Nairobi, mahali ambapo majengo hupungua na tambarare za kuelekea Athi River huanza. Kazi yetu haina likizo ya msimu, lakini miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo wakazi wa jiji hili huilaumu sana hali ya hewa na kuielewa kidogo. Watu husema Julai ni baridi tupu, mwezi wa rangi moja. Anayekaa na vipimo kutwa nzima anajua kwamba siku moja ya Julai inaweza kugeuka mara kadhaa, na kwamba kinachoigeuza karibu kila mara ni wingu. Nitaeleza zamu moja ya juma lililopita kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka nyumbani. Mabati ya jirani yalikuwa yakidondosha maji ilhali mvua haikuwa imenyesha. Ulikuwa unyevu wa hewa uliogeuka matone juu ya bati baridi. Mwendesha boda boda aliyenibeba aliniuliza swali ambalo huniuliza kila tunapokutana msimu huu: “Mathe, leo jua litatoka?” Nilimjibu, “Tuulizane saa tano, kijana wangu.” Sikuwa nikimkwepa. Wingu la Julai halijitambulishi asubuhi. Jembamba na nene huonekana sawa kabisa kwa mtu aliye chini yake.

Saa kumi na mbili kamili mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku tulisoma vipimo pamoja, kama ilivyo desturi ya kukabidhiana kituo. “Madam, halikufunguka usiku kucha,” aliniambia, na hakuhitaji kutaja ni nini ambacho hakikufunguka. Sisi huigawa anga katika sehemu nane kwa makadirio ya macho na kuhesabu zilizofunikwa na wingu, naye alikuwa ameandika nane kwa nane kila saa tangu saa tatu usiku. Mnara wa simu ulio karibu nasi ulikuwa umepotea nusu yake ya juu. Ukungu, kwa kipimo cha taaluma yetu, ni pale ambapo macho hayafiki umbali wa kilomita moja. Asubuhi hiyo tuliona hadi kama kilomita tatu, kwa hiyo tuliandika ukungu mwepesi.

Kisanduku cha vipimajoto ni sanduku jeupe la mbao lenye miguu, ambalo kuta zake zimeundwa kwa vipande vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani yake, kipimajoto cha kiwango cha chini kimelazwa. Mrija wake una spiriti, na ndani ya spiriti mna kijiti cheusi chenye vichwa viwili vya mviringo. Halijoto inaposhuka, spiriti hujikunja na kukivuta kijiti kuelekea kwenye gololi iliyo mwishoni mwa mrija. Halijoto inapopanda, spiriti hupita pembeni na kukiacha kijiti pale pale. Asubuhi msomaji huangalia ncha iliyo mbali na gololi, nayo humwambia usiku ulifika wapi, hata kama baridi hiyo ilipita saa tisa watu wakiwa wamelala fofofo. Ncha hiyo ilisimama kwenye nyuzi 13.4. Asubuhi ya siku mbili kabla yake ilikuwa imesimama kwenye 9.2.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Asubuhi ile ya 9.2 mji mzima ulilalamika, na ukafikiri kwamba baridi ya mwaka imefika kileleni. Lakini usiku wake ulikuwa wa nyota. Usiku ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Pasipo wingu joto hilo huenda zake, na penye wingu sehemu kubwa hurudishwa chini. Ndiyo maana asubuhi kali ya Julai mara nyingi hutangulia mchana wenye jua, na asubuhi ya vuguvugu hutangulia mchana wa kutetemeka. Nilipoiona 13.4 chini ya wingu la nane kwa nane, sikufurahi hata kidogo.

Saa tatu, ambayo kwa saa ya kimataifa ni saa 06:00, ndiyo saa ya kupima mvua ya saa ishirini na nne zilizopita. Ndani ya kipimamvua mlikuwa na maji ya kulowesha tu kitako cha chupa. Niliyamimina kwenye gilasi ya kupimia, nikachuchumaa hadi jicho likawa sawa na maji, nikasoma sehemu ya chini ya mkunjo wake: milimita 0.4. Manyunyu ya namna hiyo hayalishi shamba, wala hayajazi tangi, lakini yanatosha kulowesha tena nguo zilizokwisha kuanikwa. Julai si mwezi wa mvua Nairobi. Aprili hutupa wastani unaozidi milimita 150, na Julai haifikishi hata 30. Hata hivyo ni Julai inayowafanya watu watembee na miavuli ambayo hawaifungui.

Kuanzia hapo hadi saa nne na nusu sikuwa na kubwa ila usomaji wa kila saa: 13.9, kisha 14.3. Mama anayetuletea chai na mahamri alifika akiwa amejifunga leso juu ya sweta, na mazungumzo yakawa ya vifaranga vyake. Anafuga kuku nyuma ya nyumba, na juma hilo alikuwa amepoteza kadhaa. Alishangaa kwamba vilikufa mchana. Usiku alikuwa akiwasha jiko, akifika asubuhi anaona mambo ni shwari, analizima ili kubana makaa. Nilimwonyesha daftari. Katika siku zile mbili za wingu zilizomwulia vifaranga, mchana ulikuwa umeushinda usiku kwa nyuzi nne tu. Kifaranga cha juma la kwanza kinahitaji nyuzi zisizopungua 32 au hivi. Kwake hakuna tofauti kati ya 13 za alfajiri na 16 za adhuhuri, zote ni kifo. “Kumbe mchana ndio unaniua,” akasema. Nilimwambia awashe mchana pia, na kwa moyo wote nikamsisitizia asilale wala kukaa na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na kila msimu wa baridi hupoteza maisha ya watu katika nyumba zetu.

Aliniuliza wingu hilo linatoka wapi, na ni swali ninalolipenda. Katika miezi hii mgandamizo wa hewa huwa mkubwa kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, na kutoka huko hewa husukumwa kuja kwetu. Ni kusi ile ile wanayoijua wavuvi wa Lamu na Mombasa. Ikitoka baharini imebeba unyevu, inapanda taratibu kutoka usawa wa bahari hadi hapa kwetu juu ya mita 1,600, na katika kupanda huko inapoa hadi unyevu wake unakuwa wingu. Wingu hilo lingeendelea kupanda na kuwa mvua ya maana, ila juu yake kuna tabaka la hewa kavu na ya joto zaidi ambalo hulizuia. Basi linatandaa, bapa, chini, bila radi wala ngurumo. Magharibi mwa Bonde la Ufa mambo ni mengine: Kericho na Kisumu mwezi huo huo huwa na asubuhi za jua na mvua za alasiri, na msafiri anayepita Limuru na kuanza kuteremka kuelekea Naivasha mara nyingi huliacha wingu nyuma yake na kukutana na jua lililokuwepo siku zote.

Saa tano mwanga uliongezeka, vivuli hafifu vikaonekana, na nilidhani limekwisha. Halikuwa limekwisha. Robo saa baadaye upepo wa kusini-mashariki uliongeza kasi, wingu likajazana tena na manyunyu yakaanza. Saa sita halijoto ilikuwa 15.8, chini kuliko saa moja iliyotangulia, jambo ambalo mgeni anayejua kwamba tuko karibu kabisa na ikweta hawezi kulikubali mpaka aletwe mbele ya kipimajoto. Simu iliita: rubani wa ndege ndogo akiuliza kitako cha wingu kiko futi ngapi. Nilimpa makadirio yangu, naye akaamua kusubiri. Ninaheshimu sana subira ya namna hiyo, kwa maana wingu la chini na vilima vya Ngong, vinavyozidi mita 2,400, havipatani na haraka.

Chakula cha mchana nilikula nikiwa nimesimama dirishani.

Saa nane kasoro kumi lilifunguka kwa ghafla upande wa magharibi, kisha juu yetu. Waliotoka nje ya ofisi za jirani walisimama uani na nyuso zao zikiangalia juu, koti mkononi. Kutoka 16.9 halijoto ilipanda hadi 20.7 katika muda usiofika saa nzima. Milima ya Ngong ilijitokeza kamili, na kaskazini-mashariki Kilimambogo pia. Lakini mimi niliangalia zaidi gololi yetu kubwa ya kioo, ile ya kupimia saa za jua. Ni chombo cha karne ya 19: John Francis Campbell alikibuni mwaka 1853 na George Gabriel Stokes akakiboresha mwaka 1879. Gololi hukusanya miale ya jua na kuichoma kadi iliyopangwa nyuma yake, na kwa kuwa jua husogea, alama ya kuungua husogea nalo. Nilikaribia nikaona nukta ndogo ya kahawia, ikifuka uzi mwembamba wa moshi, ikianza kuandika siku ambayo hadi wakati huo haikuwa imeandika neno.

Iliandika kwa muda mfupi. Saa tisa mawingu ya mafungu yalianza kuota juu ya ardhi iliyopata joto, saa tisa na dakika chache yakaungana, na saa kumi kusi ilikuwa imerudisha blanketi lake lote. Saa kumi na moja nilihesabu tena nane kwa nane, na wanafunzi waliokuwa wakipita nje walikuwa wamevaa kofia za sweta zao.

Jioni nilisoma kipimajoto cha kiwango cha juu: 21.1. Hiyo ndiyo namba itakayoingia katika kumbukumbu, na ni karibu sawa na wastani wa Julai. Yeyote atakayeisoma mwakani atadhani mchana huo ulikuwa wa kawaida na wenye nafuu. Baada ya machweo niliitoa ile kadi na kupima alama yake kwa rula: saa moja na robo ya jua katika mchana wa saa kumi na mbili. Kwangu mimi kadi ndiyo iliyosema kweli. Ningependa sana watangazaji wetu wa redio, wanapotaja kiwango cha juu na cha chini katika miezi hii, wataje pia saa za jua zinazotarajiwa, kwa sababu dobi, mfugaji wa kuku, mama mwenye mtoto mchanga na mkulima anayeanika mahindi huishi kwa saa hizo, wala si kwa namba moja iliyodumu dakika ishirini.

Saa moja usiku mwenzangu alirudi. Upepo ulikuwa umetulia na magharibi kulikuwa na mwanya mrefu usio na wingu, unaopanuka. Nilimwomba aangalie sana kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, maana kama mwanya huo ungetufikia, 13.4 ya asubuhi ingekuwa kumbukumbu tu. Kisha nilimpigia mama wa chai nikamwambia usiku huo aongeze moto kwenye banda na aache nafasi ya hewa kupita.