Kanzu fupi mbele

Kanzu ya baba nimeikata inchi 5 mbele, nyuma nimeiacha ilivyo. Nashona hapa Chake Chake mwaka wa 18 huu, na sijapata kukata kanzu namna hiyo. Lakini alikuwa akilikanyaga pindo kila akitoka kuswali Alasiri, na mara ya pili alianguka kwenye ngazi za msikiti, akapasuka kipaji cha uso.

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Ulianza mkono wa kulia kutetemeka, mgongo ukaja miaka baadaye. Akisimama yuko wima. Akipiga hatua kumi, kiwiliwili kinaanza kushuka, mpaka anatazama vidole vya miguu yake. Watu sasa anawajua kwa viatu. "Makubadhi hayo ya Mwalimu," husema, na kweli ndiye.

Majirani walisema ni magunia ya karafuu aliyobeba ujanani. Tulikompeleka mwanzo wakasema uzee, wakatupa dawa za maumivu. Nikakubali, na hilo linaniuma hadi leo, maana dalili ilikuwa mbele ya macho yangu kila usiku: baba akilala chali, mgongo unanyooka wote, analijaza godoro kama zamani. Kibyongo cha mifupa hakiachwi mlangoni mwa chumba.

Daktari wa Unguja hata hakuuliza mengi. Alimlaza, akamtazama, akamsimamisha, akamwambia tembea. Hali hii, akasema, inaitwa kamptokomia, na James Parkinson mwenyewe kule London aliandika mwaka 1817 kuwa wagonjwa wake huelekea kuinama mbele. Alitutahadharisha pia kwamba levodopa, dawa ya ugonjwa huu, mara nyingi haiufikii mgongo. Ndivyo ilivyokuwa: vifungo vya shati anafunga mwenyewe sasa, lakini kuinama kuko palepale.

Kinachomsaidia ni ukuta. Barazani akiegemea, uso unapanda, anasalimiana na watu macho kwa macho. Bakora yake fupi tumeiweka kando, ilikuwa ikimvuta chini zaidi. Seremala katuchongea fimbo inayomfika kifuani, anaishika kama upondo. Swala anaswali kitini.

Jana nilimpelekea kanzu. Akaivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, pindo la mbele halikugusa sakafu hata mara moja. Kisha akajilaza apumzike. Akanyooka, na pindo likamwishia katikati ya miundi. Akalivuta kwa mkono unaotetemeka.

"Mwanangu, hii fupi."

"Ukilala tu, baba."