Kutoa sadaka bila mshahara wa mwezi

Mimi ni fundi cherehani. Kipato changu hakina tarehe. Majuma ya kuelekea Idi oda zinanizidi hadi nakata vitambaa usiku, kisha sikukuu ikishapita naweza kukaa mchana kutwa bila mteja kubisha hodi. Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi utamletea nini. Sisi wa kazi za mkono kila senti inayotutoka tunajiuliza kama hatutaitafuta wiki ijayo, na hapo ndipo sadaka inapoahirishwa mwaka mzima huku nia ipo.

Nilichofanya ni kuipa sadaka nafasi ya mwanzo. Ukitoa kinachobaki, hakibaki kitu. Mteja akija kuchukua nguo yake na kumalizia malipo, kabla sijagawa fedha ile kwa lolote, sehemu ndogo inaingia kwenye bahasha na kuandikwa daftarini. Malipo ya awali siyagusi. Ndani ya fedha ile kuna zipu na bitana ambazo bado sijanunua, na nguo ikiharibika mikononi mwangu itabidi niirudishe. Huo ni utaratibu wangu tu, sisemi ni hukumu ya dini, lakini moyo wangu hautulii nikitoa kitu ambacho bado nakiona ni amana ya mtu. Vilevile deni la muuza vitambaa likifika siku yake nalilipa kwanza, kwa sababu ile ni haki ya mtu na sadaka ya hiari inaweza kungoja.

Kiwango nilikiweka kidogo kwa makusudi. Mtume (s.a.w.) amesema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Kidogo kile nimeweza kukidumisha hata katika miezi mikavu, na miezi hiyo ndiyo iliyonifundisha tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, ni nini hasa. Qurani inasema katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 268, kwamba shetani anatutishia ufukara. Tishio hilo nalijua linavyokuja. Halikwambii usitoe kabisa. Linakwambia subiri kidogo, oda ile kubwa ikiingia utatoa vizuri zaidi.

Katika kipindi kimoja kigumu nilimwendea ustadhi wetu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba kuweka akiba ya kodi huku nasema namtegemea Mungu ni upungufu wa imani.

"Binti yangu," akaniambia, "yule aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Na ndege waliopigiwa mfano wa tawakuli hawakungoja kiotani. Walitoka asubuhi na njaa, wakarudi jioni wameshiba."

Akanikumbusha pia habari ya sahaba Saad bin Abi Waqqas. Alipougua alitaka kuusia theluthi mbili za mali yake. Mtume akamkatalia, akamkatalia na nusu, akamruhusu theluthi moja na kusema hata hiyo theluthi ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Tangu siku hiyo fedha ya kodi naiweka kando kwa amani.

Jambo moja linaniuma, nalo ni kuisikia sadaka ikihubiriwa kama biashara: toa leo, kesho utapata mara kumi. Ahadi ya kuzidishiwa ipo, na aya ya 261 ya Al-Baqara inaitaja punje iliyotoa mashuke saba, kila shuke punje mia. Lakini hatukupewa tarehe wala sura ya malipo. Imewahi kutokea nikatoa, na wiki iliyofuata cherehani ikaharibika. Sikuona kwamba nimevunjiwa ahadi. Mtume amesema sadaka haipunguzi mali, nami naliamini hilo bila kumdai Mola wangu risiti.

Zaka ina hesabu yake na siichanganyi na bahasha. Nimechagua siku moja katika kalenda ya Hijria, na kila mwaka ikifika napima fedha niliyo nayo pamoja na vitambaa ninavyouza. Cherehani haihesabiwi, kwa kuwa ni chombo cha kazi. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, kwa dhahabu ni gramu 85, kwa madini ya fedha gramu 595. Ustadhi alinishauri nifuate ya madini ya fedha kwa kuwa ni ya chini na inawafikia masikini wengi zaidi. Ikitimia na mwaka wa mwezi mwandamo ukapita, natoa asilimia 2.5. Isipotimia, sina zaka mwaka huo.

Fedha ya bahasha huenda kwanza kwa jamaa. Kumpa ndugu kuna malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Binamu yangu ni mjane, na shule zikikaribia kufunguliwa nawapima watoto wake sare mimi mwenyewe. Naacha upindo mrefu chini, wakirefuka mama yao aufumue bila kununua nguo mpya. Mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, hizi nitakulipa lini?" Nikamjibu, "Zimeshalipiwa," na ni kweli, bahasha ilikuwa imelipa kitambaa. Sikuongeza neno, kwa kuwa Qurani imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na masimango mara nyingi huanzia kwenye maelezo marefu.

Kuna majuma ambayo bahasha haina kitu kabisa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, masahaba walimuuliza Mtume kuhusu asiye na cha kutoa. Akasema afanye kazi kwa mikono yake, ajinufaishe na atoe sadaka. Asipoweza, amsaidie mwenye shida. Basi oda zikikauka hushona bure nguo zilizochanika za wale wasio na uwezo wa kulipa. Uzi upo, na kipindi hicho muda ninao.